Virai na Vishazi: Jinsi Sentensi ya Kiingereza Inavyoshikana

Sentensi ya Kiingereza husomwa neno baada ya neno, lakini haijengwi hivyo. Maneno hukusanyika kwanza katika mafungu madogo, mafungu hayo yakaingia ndani ya makubwa zaidi, hadi sentensi ikatimia. Fungu lisilo na kiima na kitenzi chake huitwa kirai; lenye viwili hivyo huitwa kishazi. Darasani tofauti hii hufundishwa zaidi kwa kukariri fasili, na mwanafunzi hubaki hajui kwa nini mpaka uwe hapa na si pale. Ni hasara kubwa, kwa sababu mipaka hiyo inaweza kupimwa.

Kipimo chepesi ni kubadilisha. Tuchukue "The old fisherman with the torn net lives near the port". Kiwakilishi "he" hakiwezi kukaa mahali pa "fisherman" peke yake. Hakuna asemaye "the old he with the torn net". Kinachukua nafasi ya maneno yote saba ya mwanzo: "He lives near the port". Maneno hayo saba, basi, ni kitu kimoja, yaani kirai nomino, na ndani yake mna kirai kingine kinachoongozwa na kihusishi, "with the torn net".

Kila kirai kina neno kuu, na kirai nomino kinapokuwa kiima, hilo ndilo linalotawala kitenzi. Katika "The price of eggs has risen", kitenzi kinafuata "price", ingawa "eggs" ndilo lililo jirani yake. Hata wazawa wa lugha hiyo huteleza hapa wakasema "have". Mzungumzaji wa Kiswahili anayo njia ya kujisahihisha: kwake bei ya mayai imepanda, wala haijawahi kuwa "yamepanda".

Nguvu ya virai huonekana zaidi katika maswali. "The woman is tired" hugeuka "Is the woman tired?", na kwa haraka mtu angedhani kanuni ni kuchukua "is" ya kwanza na kuipeleka mbele. Kanuni hiyo huvunjika mara tu sentensi inaporefuka: "The woman who is selling fish is tired". Ikifuatwa, itazaa "Is the woman who selling fish is tired?", ambayo si Kiingereza cha mtu yeyote. "Is" inayohama ni ile ya pili, inayokuja baada ya kirai kizima. Iliyo ndani ya kirai haiguswi. Mwaka 1987 Stephen Crain na Mineharu Nakayama waliwapima watoto 30 wa miaka 3 hadi 5 wanaokua na Kiingereza. Watoto walikosea mara nyingi, lakini hawakufanya kosa hilo la kung'oa "is" ya ndani. Kama ujuzi huo ni wa kuzaliwa nao, kama anavyoshikilia mwanaisimu Noam Chomsky, au hutokana na kusikia na kuzoea, wataalamu bado wanabishana.

Kishazi hutambulika kwa kitenzi chenye njeo, yaani kinachoonyesha wakati, pamoja na kiima chake. "After the rain" ni kirai. "After the rain stopped" ni kishazi. Neno la mwanzo ni lilelile, kwa hiyo halitoshi kuamua. Kishazi hiki ni tegemezi: kina kiima na kitenzi, lakini hakisimami peke yake mpaka kipate kishazi huru, kama "we went home". Kishazi tegemezi kinaweza pia kufanya kazi ya kivumishi, kama "that left early" katika "the bus that left early", au ya nomino. Katika "What she said surprised us", maneno matatu ya kwanza yote ni kiima cha sentensi.

Hapa Kiswahili na Kiingereza huachana sana. "Nitakuja" ni neno moja, nalo ni kishazi huru kamili. "Lililoondoka" ni kishazi tegemezi ndani ya neno moja. Viambishi hubeba kiima, njeo na urejeshi. Kiingereza hakina viambishi vya kiima kama hivyo, kwa hiyo lazima kiima kitajwe kwa neno lake, na kitajwe mara moja tu. Anayeandika "My brother he came" anatafsiri kiambishi "a-" cha "alikuja" kana kwamba nacho kinadai neno la peke yake.

Lipo eneo ambalo wanasarufi wenyewe hawakubaliani. Katika "She wants to buy land", sarufi ya jadi huita "to buy land" kirai, kwa kuwa hakina njeo. Randolph Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, wanakihesabu kuwa kishazi kisicho na njeo. Mtazamo huu wa pili unaeleza mengi zaidi. Ukisema "She wants her son to buy land", mnunuzi anajitokeza waziwazi mbele ya kitenzi chake. Katika sentensi ya kwanza alikuwemo, ila hakutajwa.

Mafungu haya yamo pia akilini mwa msikilizaji. Mwaka 1965 Jerry Fodor na Thomas Bever waliwasikilizisha watu sentensi katika sikio moja na mlio mfupi katika sikio la pili, kisha wakawauliza mlio ulitokea wapi. Wengi waliusogeza kuelekea mpaka wa mafungu makuu ya sentensi. Mwaka 2016 Nai Ding, David Poeppel na wenzao walipima ubongo wa watu waliosikiliza Kichina kwa kasi ya silabi 4 kwa sekunde, silabi mbili zikifanya kirai na nne zikifanya sentensi, bila kituo chochote katikati. Kwa Wachina, ubongo ulionyesha midundo mitatu: 4 kwa sekunde ya silabi, 2 ya virai na 1 ya sentensi. Wazungumzaji wa Kiingereza wasiojua Kichina walionyesha mdundo wa silabi tu. Walipopewa sentensi za lugha yao, midundo ya virai na ya sentensi ilijitokeza kwao pia.