Dawa za Kuvuta kwa Wenye Kifua Kibovu
Mkulima anayekohoa kwa miezi mingi na kuhema akipanda mlima kidogo, asidhani ni uzee tu. Aende hospitali apimwe pumzi. Moshi wa tumbako, na wa kuni jikoni, huharibu mapafu na kubana njia za pumzi.

Daktari aweza kumpa dawa mbili za kuvuta kwa mdomo. Moja hulegeza misuli ya njia hizo. Ya pili huzuia mishipa ya fahamu isiikaze. Zikitumiwa pamoja husaidia kuliko moja peke yake. Wengine, wanaozidiwa mara kwa mara, huongezewa ya tatu ya kupunguza uvimbe. Hao wasukutue kinywa baadaye.

Lakini mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi. Acheni tumbako, na moshi wa jikoni utolewe kwa bomba.