Mikono Ikipata Kazi, Moyo Hupumua

Ukipita vijijini kwetu kuanzia Mikindani mpaka Msimbati, au ukipanda juu mpaka Newala, utasikia neno hili mara nyingi: "Fulani ana mawazo." Hatusemi anaumwa. Tunasema ana mawazo, na kila mtu anaelewa. Usingizi haumjii, chakula hakipiti kooni, akiitwa haitiki mpaka mara ya tatu.

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia hali hiyo, na msaada mmoja ambao tayari tunao nyumbani bila kuujua: kazi ndogo ndogo za mikono.

KUNGOJA KUNACHOSHA KULIKO JEMBE

Mara nyingi kinachotuchosha si shida yenyewe, bali ni kungoja bila kujua mwisho wake. Sisi wa kusini tunajua kungoja. Mkulima wa korosho hupalilia, hupulizia dawa, huokota, hupeleka ghalani, kisha hukaa kusubiri mnada na malipo. Wakati huo watoto wanahitaji sare na madaftari, na duka limeanza kukataa kukopesha.

Tukumbuke miaka michache iliyopita. Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za wanunuzi, Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa njema, lakini wakulima wengi walingoja malipo yao kwa miezi. Kabla ya kutulia, Aprili 2019 tulitangaziwa Kimbunga Kenneth. Wazee wakakumbuka kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952. Watu wa mabondeni na kandokando ya bahari wakaambiwa wahamie mahali palipoinuka, shule na kazi zikasimama. Tarehe 25 kimbunga kikaingia nchi kavu kusini zaidi, Cabo Delgado nchini Msumbiji, sisi tukapona. Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona. Oktoba mwaka huo kijiji cha Kitaya, kando ya mto Ruvuma, kikavamiwa. Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya mto, ukashambuliwa, na wenye ndugu huko wakawa hawalali wakisubiri habari.

Mambo hayo yamepita, lakini yametufundisha kitu. Kuna nyumba ambazo kimbunga hakikuezua hata kuti moja, na bado watu wake waliugua kwa wasiwasi.

WASIWASI UNAFANYA NINI MWILINI?

Mtu akiona hatari, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, tumbo huacha kazi yake ya kawaida. Hilo ni jambo jema ukikutana na nyoka njiani. Nyoka akishapita, mwili hutulia.

Lakini deni halipiti kama nyoka. Unalala nalo, unaamka nalo. Mwili ukikaa katika hali ya kujiandaa kwa wiki na miezi, huanza kuchoka. Ndipo huja kuumwa kichwa, maumivu ya shingo na mgongo, kiungulia, hasira za haraka, kusahau, na kukosa usingizi. Mwenye shinikizo la damu au kisukari hupata taabu zaidi kuidhibiti hali yake.

Wengi hapa hukimbilia uraka wakati wa mabibo, au gongo. Tusidanganyane. Pombe huleta usingizi mfupi, kisha humwamsha mtu usiku wa manane na mawazo yaleyale, na fedha ya chumvi imekwisha.

KWA NINI KAZI YA MIKONO?

Mtazame mama anayesuka ukili. Mikono yake inakwenda kwa mwendo mmoja, macho yanafuata, pumzi inashuka taratibu. Akili haiwezi kuhesabu miyaa na wakati huohuo kuhesabu madeni. Kwa nusu saa imepumzika. Tena, jioni anaona urefu wa ukili alioufanya. Katika siku ambayo mambo yote yapo mikononi mwa watu wengine, hilo moja limekuwa mikononi mwake.

Waganga wanalijua jambo hili tangu zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hospitali za Uingereza na Marekani ziliwapa askari waliojeruhiwa kazi za kusuka vikapu na kufuma ili mwili na akili vipate nguvu tena. Kutokana na juhudi kama hizo ilikua taaluma ya kutibu kwa njia ya kazi, ambayo leo inafundishwa hata hapa nchini, KCMC Moshi.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi na akina bibi katika mtaa wa Mbare. Bibi hukaa kwenye benchi nje ya zahanati, akamsikiliza mtu mwenye kile wanachokiita "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Humsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Baadaye wagonjwa hualikwa katika vikundi, ambamo hufuma mikoba huku wakizungumza. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba waliokaa na akina bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika pia Malawi na Zanzibar.

Sisi hatuna haja ya kwenda Harare kuazima. Akina mama wetu wamesuka wakizungumza kivulini miaka yote. Tunachotakiwa ni kutoliacha.

KAZI NNE ZA KUANZA NAZO

1. Tandiko la sufuria. Chukua miyaa iliyokaushwa juani, ipasue iwe na upana mmoja, kisha inyunyizie maji kidogo ili isikatike. Anayeanza atumie mitano. Ushike wa mwisho kulia, upitishe juu ya mmoja na chini ya mmoja, ukae katikati. Kisha wa mwisho kushoto vivyo hivyo, juu ya mmoja na chini ya mmoja. Endelea hivyo, kulia na kushoto. Mwaa ukikaribia kwisha, laza mwingine juu yake uendelee. Ukili ukifika urefu wa pima mbili, uzungushe kama konokono huku ukishona ukingo kwa ukingo. Umepata tandiko. Aliyeweza tandiko ataweza kikapu, na aliyeweza kikapu ataweza mkeka. Mizizi ya mdaa ikichemshwa hutoa rangi nyeusi ya kupambia. Unapokata, usimalize machipukizi yote ya mti mmoja, maana mwakani utauhitaji tena.

Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Kwa hiyo kikapu kizuri cha sokoni kina mnunuzi.

2. Ufagio wa chelewa. Kazi hii inafaa hata kwa babu ambaye macho yamepungua. Chukua kuti la mnazi lililokauka, chuna majani kwa kisu ubakize njiti ya katikati. Kusanya njiti za kujaa kiganja, zigonge chini zilingane, funga kwa kamba imara mahali pawili.

3. Mpira wa matambara. Nguo zisizovalika tena zikunjwe ziwe donge gumu, zitiwe katika soksi kuukuu, kisha zifungwe kwa kamba kwa kupitisha huku na huku kama wavu. Baba na mtoto waufanye pamoja. Mtoto aliyeona wazazi wakinong'ona usiku kuhusu fedha naye ana wasiwasi, ila hajui kuusema. Akiwa ameshika kamba huku wewe unafunga, ataanza kuuliza. Mjibu ukweli kwa maneno machache: "Fedha zimechelewa, lakini tunakula, na tuko pamoja."

4. Vinyago vya udongo. Watoto wafinyange ng'ombe, mtumbwi, chungu. Wanawake wa Kimakonde wa nyanda za Newala hufinyanga vyungu kwa mikono mitupu, bila gurudumu la mfinyanzi. Kama bibi bado anajua, huu ndio wakati wa kumwomba afundishe. Bibi naye atapata nafuu, maana mzee anayeombwa kufundisha hajioni mzigo.

Akina baba wasiseme kwamba hizi ni kazi za wanawake. Kushona wavu, kuchonga mpini, kutengeneza dema la kuvulia samaki, zote ni kazi za mikono. Wachongaji wa Kimakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakiwamo waliokimbia vita ya ukombozi ya mwaka 1964 hadi 1974, walikuja na ujuzi wao wa kuchonga mpingo. Leo sanaa hiyo inajulikana duniani kote.

JEMA MOJA KILA JIONI

Pamoja na kazi hizo, jaribuni jambo hili wakati wa chakula cha jioni. Kila mtu, kuanzia mdogo, ataje jema moja la siku hiyo. Liwe dogo na la kweli: kuku ametotoa, jirani amerudisha jembe, kikohozi cha mtoto kimepungua, upepo wa kusi umepoza nyumba. Asikatazwe anayesema, "Leo sijaona jema." Mwacheni, kesho ataliona.

Hatufanyi hivyo ili kujifanya hakuna shida. La hasha! Mtu mwenye mawazo akiambiwa, "Acha kuwaza, wenzako wana makubwa zaidi," huzidi kunyamaza. Tunataja jema kwa sababu akili yenye hofu hutafuta mabaya tu, nayo yanahitaji mwenzake ili mizani isimame.

TAHADHARI

- Usisuke kwa mwanga wa kibatari. Macho huumia, na miyaa mikavu hushika moto upesi. Fanya kazi mchana kivulini.
- Kila baada ya nusu saa simama, nyoosha mgongo na vidole.
- Watoto wasichezee korosho mbichi. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi na midomo.
- Visu na sindano zihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi.
- Usigeuze kazi hii iwe deni jingine. Usipopata mnunuzi, mkeka utalaliwa na watoto wako.

LINI UENDE KUMWONA MGANGA?

Kazi ya mikono hupumzisha moyo uliochoka. Haitibu kila ugonjwa. Nenda zahanati au kituo cha afya kama wewe au ndugu yako ana mojawapo ya haya:

- Amekosa usingizi, hamu ya chakula na hamu ya kazi karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi.
- Amejifungua, na huzuni haimtoki baada ya wiki mbili, au hataki kumshika mtoto.
- Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaogopa kwamba watu wanamfuata.
- Moyo unakwenda mbio au kifua kinabana. Haya yaweza kuwa ni wasiwasi, lakini yaweza pia kuwa ugonjwa wa moyo. Kifua kikibana ghafla, usingoje, nenda siku hiyohiyo.
- Anakunywa pombe kila siku ili aweze kulala.
- Anasema heri afe, au anagawa vitu vyake.

Kuhusu hili la mwisho, usiogope kumwuliza waziwazi, "Je, unafikiri kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humwonyesha kwamba yupo anayemjali. Usimwache peke yake, na mpelekeni siku hiyohiyo. Dawa za kuulia wadudu wa mikorosho, ambazo katika nyumba zetu nyingi zimewekwa chini ya kitanda, zifungiwe mahali penye kufuli, na ufunguo awe nao mtu mwingine. Hatua hiyo moja yaweza kuokoa maisha.

Zahanati ikishindwa itakupa barua ya kwenda mbele zaidi, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Ligula, au Hospitali ya Ndanda. Si aibu. Akili huugua kama mguu unavyougua.

KWA JUMUIYA ZETU

Subira yavuta heri, walisema wahenga. Hawakusema tusubiri kila mtu peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa. Jumuiya moja inaweza kuchagua alasiri moja kwa wiki, chini ya mwembe mmoja. Aje mwenye miyaa, aje asiye nayo agawiwe. Yule ambaye hajaonekana wiki mbili afuatwe na mtu mmoja mwenye mwaa mkononi, amwambie, "Tumekuja kukuchukua, tuna upungufu wa msukaji." Asiulizwe maswali siku ya kwanza. Akishaanza kusuka, ataanza mwenyewe kuzungumza.