Kanuni ya "Ama Hili Ama Lile" katika Mitajo ya Kipeo cha Pili

Kutafuta kitu usikione si ushahidi kwamba hakipo. Mwanahesabu atafutaye namba ya kutimiza masharti fulani hupatwa na shida hiyo: namba hazina mwisho, naye hawezi kuzijaribu zote. Humwokoa kanuni zitajazo mambo mawili na kuthibitisha kwamba moja lao ni kweli, wala hayawi kweli yote mawili. Hapa neno "au" peke yake halitoshi. Tukisema "mwenye kalamu au wino aje", aliye na vyote viwili hazuiwi.

Mwaka 1902 Gyula Farkas, wa Hungaria, alitoa kanuni ya namna hii kwa mitajo ya kipeo cha kwanza. Mitajo ya kipeo cha pili ina ugumu wake, maana mchoro wake waweza kuwa kama bakuli lililofudikizwa, lisilo na kina pa kutulia. Hata hivyo, mwaka 1971 V. A. Yakubovich, wa Leningrad, alithibitisha kanuni ifuatayo.

Chukua mitajo miwili ya kipeo cha pili, f na g, na iwepo x ifanyayo g kuwa chini ya sifuri. Basi ama ipo x ifanyayo f kuwa chini ya sifuri huku g haizidi sifuri. Ama ipo namba k, isiyo chini ya sifuri, ambayo kwayo f + kg haishuki chini ya sifuri kwa x yoyote.

Tuseme f ni 4 − x², na g ni x² − 1. Tukichagua k = 1, jumla ni 3 daima. Twajua basi, bila kujaribu x hata moja, kwamba jambo la kwanza haliwezekani. Lakini g ikiwa x² − 9, x = 3 yatosha: f ni −5, na g ni 0; wala hakuna k ya kufaa.

Sharti la mwanzo lisidharauliwe. Iwapo f ni x² + x, na g ni x², ambayo haishuki kamwe chini ya sifuri, milango yote miwili hufungwa. Tena, masharti ya namna ya g yakiwa mawili, kanuni haishiki kwa jumla.

Kwa hiyo mfasiri atakayeliacha sharti hilo, au kuridhika na "au" tupu, hatakuwa amefupisha maneno tu. Atakuwa amesema lisilo kweli.