Maambukizi Yanapofika Ubongoni

Ensefalaitisi ni kuvimba kwa ubongo wenyewe. Homa ya uti wa mgongo, ambayo watu wengi wameisikia zaidi, hushambulia utando unaoufunika ubongo na uti wa mgongo, ingawa si ajabu mgonjwa mmoja kupatwa na yote mawili. Mwenye homa ya uti wa mgongo huumwa kichwa, hukakamaa shingo na kuuchukia mwanga, lakini akili yake yaweza kubaki timamu kwa muda. Ubongo ukiguswa, akili ndiyo inayoyumba mapema: mtu husahau jina la mwanawe, husema maneno yasiyoshikana, huwa mkali bila sababu au hulala asiamshike. Wengine huanguka kifafa ambacho hawakuwahi kuwa nacho.

Visababishi ni vingi na virusi vinaongoza. Surua huweza kufika ubongoni, na kichaa cha mbwa hufika huko kwa kupanda polepole ndani ya neva kutoka kwenye jeraha. Kirusi cha West Nile, kinachoenezwa na mbu, kilitambuliwa kwanza mwaka 1937 kwa mwanamke wa wilaya ya West Nile nchini Uganda. Malale, inayoletwa na mbung'o, husababishwa na vimelea. Malaria kali huziba mishipa midogo ya damu ubongoni. Kitaalamu si ensefalaitisi, ila dalili zake zinafanana nayo mno. Kwa hiyo Afrika Mashariki kila mgonjwa wa namna hii hupimwa malaria. Tatizo ni pale uchunguzi unapokomea hapo, kwani kwenye maeneo yenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vimelea katika damu na bado kinachomuua kikawa kitu kingine.

Kitu hicho kingine chaweza kuwa kirusi cha hepesi aina ya kwanza, kile kile kiletacho malengelenge midomoni. Wengi hukipata utotoni, na hujificha katika neva za uso maisha yote bila madhara makubwa. Kwa wachache sana huingia ubongoni, na huko hupenda sehemu za pembeni, usawa wa masikio, zinazohusika na kumbukumbu na lugha. Hapo mgonjwa hunusa harufu isiyokuwepo, au hubadilika tabia hata ndugu wakadhani amepandwa na mashetani. Siku zinazopotea kwa mganga ndizo ambazo dawa ingefanya kazi vizuri zaidi. Homa ikiandamana na mabadiliko ya ghafla ya tabia ni dharura ya hospitali.

Kipimo kikuu ni maji ya uti wa mgongo, na wengi hukiogopa wakiamini kwamba kinapoozesha. Kwa kweli sindano huchomwa kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Bakteria kwa kawaida hushusha sukari ya maji hayo, wakati virusi mara nyingi huiacha ilivyo. Kipimo cha PCR hutafuta vinasaba vya kirusi, lakini katika siku za mwanzo huweza kukikosa, na daktari akiwa bado na shaka hukirudia baada ya siku chache. Picha ya MRI huonyesha sehemu iliyoharibika, pale mashine inapopatikana.

Matibabu hayasubiri majibu. Daktari huanza asiklovia, dawa ya hepesi, kwa njia ya mshipa, pamoja na antibayotiki mpaka bakteria waondolewe kwenye orodha, na dawa ya malaria inapohitajika. Asiklovia huamshwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, hivyo hufanya kazi zaidi ndani ya seli zilizoambukizwa. Hutolewa kila baada ya saa 8 kwa siku 14 hadi 21, na mgonjwa huongezewa maji ili figo zisidhurike. Vidonge havitoshi, kwa sababu dawa inayofika ubongoni kwa njia hiyo ni kidogo. Kabla ya dawa hii, takriban wagonjwa 7 kati ya 10 wa ensefalaitisi ya hepesi walikufa. Majaribio ya Sweden yaliyochapishwa mwaka 1984 na ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kuwa vifo hupungua sana.

Virusi vingine vingi havina dawa mahsusi, na kazi ya wauguzi ndiyo inayobaki: kuzuia degedege, kulinda njia ya hewa, kupunguza shinikizo kichwani. Kwa kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kifo ni karibu hakika. Tiba yake ni ya kabla, yaani kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kukimbilia chanjo.

Aliyepona huweza kubaki na kifafa, usahaulifu au hasira za haraka, na huhitaji dawa na mazoezi kwa miezi kadhaa au zaidi. Baadhi ya waliougua hepesi hurudiwa na dalili wiki chache baadaye ingawa kirusi hakionekani tena. Mara nyingi hapo kinga ya mwili ndiyo imegeuka kuushambulia ubongo, na matibabu huwa ya kuituliza kinga hiyo.