Visawe na Kimvita katika Shule za Msingi za Mombasa

Kufundisha visawe katika shule za msingi za Mji wa Kale, Mombasa, kwahitaji uangalifu. Mwanafunzi hutoka nyumbani na Kimvita, ilhali kitabu chake kimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa penyewe mwaka 1928. Aandikapo *mato* kuwa kisawe cha *macho*, astahili kuelezwa, si kukosolewa tu. Hilo ni neno moja katika lahaja mbili: mara nyingi *ch* ya Kiunguja huwa *t* katika Kimvita, kama *nj* iwavyo *nd*: *njia*, *ndia*. Visawe, mathalani *rafiki* na *sahibu*, ni maneno tofauti yenye maana zinazokaribiana. Mwalimu asipotenganisha mambo haya, mtoto ataidhania lugha ya mamake kuwa kinyume cha usahihi.