Mkuki wa Ark na bara lisilo na mji

Televisheni ilichelewa kufika Johannesburg. Serikali ya makaburu iliiogopa kwa miaka mingi, na shirika la utangazaji la SABC lilipoanza rasmi kurusha matangazo Januari 5, 1976, Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Mfumo uliochaguliwa Afrika Kusini ulikuwa PAL kama wa Uingereza, ambamo kioo huchorwa upya mara 50 kwa sekunde. Marekani na Japani walitumia NTSC, mara 60. Ndiyo maana konsoli za zamani na kaseti zake zilitengenezwa kwa kanda za dunia: ya Marekani haikuelewana na televisheni ya Johannesburg, lakini ya Uingereza ungebadilisha plagi tu.

Mgawanyo huo ndio uliozika Terranigma, gemu ya Super Nintendo ambayo kwangu haipungukiwi kitu mbele ya zile zinazosifiwa kila mwaka. Ilitungwa na studio ya Quintet ya Japani na kutolewa huko na Enix mwezi Oktoba 1995. Mwaka huohuo Enix ilifunga tawi lake la Marekani, kwa hiyo gemu haikuuzwa huko kamwe. Nintendo wenyewe waliitoa Ulaya Desemba 1996, kwa Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kihispania. Chrono Trigger ya 1995 ilipata bahati ya kinyume: Marekani iliuzwa, kwenye kanda ya PAL haikufika hadi 2009. Lakini orodha za gemu bora huandikwa zaidi na Wamarekani, na mtu hasifu asichokicheza.

Hata hapa Johannesburg wengi iliwapita. Mashine iliyojaa majumbani ilikuwa Golden China, nakala ya bei nafuu ya konsoli ya kwanza ya Nintendo, ambayo watu waliiita tu TV game. Kaseti ya Super Nintendo haiingii humo.

Terranigma ni gemu ya uhusika: unamwongoza mtu mmoja katika hadithi ndefu, anapigana, anapata uzoefu, anapanda ngazi na kuongezeka nguvu. Tofauti na nyingi za wakati ule, hapa wapiganaji hawapeani zamu. Ark, kijana mtundu wa kijiji kilicho chini ya ardhi, anakimbia, anaruka na kuchoma kwa mkuki papo hapo, na silaha hiyo ina raha yake mkononi. Anafungua kasha alilokatazwa, kijiji kizima kinaganda, na mzee anamtuma kwenye minara mitano. Kila mnara unaposhindwa, bara moja linainuka juu ya dunia iliyokufa. Kisha Ark anapanda huko juu na kufufua mimea, ndege, wanyama, mwisho binadamu.

Utamu wa kazi hii uko kwenye gharama yake. Mwanzoni Ark anaongea na miti, ndege na simba. Katika milima yenye theluji, maporomoko yanamfungia pangoni pamoja na mbuzi jike aliyefiwa na mumewe, na mbuzi huyo anamwambia wale nyama ya marehemu ili wasife njaa. Gemu haikuelekezi ucheke au ulie. Halafu binadamu wanafufuka, na sauti zote hizo zinanyamaza: wanyama wapo palepale, ila Ark hawasikii tena. Umefanya ulichotumwa, tuzo yako ni uziwi. Mwaka 1995 gemu chache zilithubutu kumtendea hivyo mchezaji.

Baada ya hapo, kwenye ramani inayofanana na ya dunia yetu, unasaidia miji ikue, kama Loire ya upande wa Ufaransa na Freedom ya upande wa Marekani. Unapeleka bidhaa, unakutanisha wavumbuzi, na ukirudi baadaye unakuta majengo mapya. Ukiicheza ukiwa Johannesburg, jiji lililoota juu ya dhahabu mwaka 1886 na kupaa kwa kasi ambayo mtunzi wa gemu angeionea aibu, utajiuliza: na sisi? Afrika ya Terranigma ni mbuga. Tunapewa simba, na mtoto wa simba anayependeza sana, lakini mji wa kukuza hatupewi. Siiti chuki, ni uvivu wa ramani uliokuwa wa kawaida. Jibu limechelewa lakini limetoka hapahapa: Nyamakop, studio ya Johannesburg iliyotoa Semblance kwenye Nintendo Switch mwaka 2018, ilitangaza mwaka 2025 gemu ya Relooted, ambamo kundi la Waafrika wa miaka ijayo linarudisha kwa wizi vitu vya kale vya Afrika vilivyoko kwenye makumbusho ya Magharibi.

Kuipata Terranigma si rahisi. Quintet ilinyamaza mwanzoni mwa miaka ya 2000, Enix iliungana na Square mwaka 2003, na gemu haijatolewa upya rasmi popote, ingawa mchoraji wa wahusika wake, Kamui Fujiwara, ameliomba hilo hadharani. Kaseti halisi zipo kwa wakusanyaji, na bei zao hazina huruma. Ukifanikiwa, fahamu kwamba ngazi ya mhusika huamua uzito wa mapigo kuliko ujanja wako. Usiingie kasri la Sylvain ukiwa mnyonge. Adui mkuu wa humo, Bloody Mary, amewarudisha wengi nje kuwinda ngazi mbili tatu zaidi.