Kugawa Diski: Kizigeu au Sehemu?

Katika vyumba vya kupanga vya Dandora na Kayole, mashariki mwa Nairobi, pazia hutenga mahali pa kulala na mahali pa kupokelea wageni. Chumba hakiongezeki, kinachopatikana ni mpaka. Diski ya kompyuta nayo hugawanywa kwa namna hiyo. Hata hivyo, istilahi kizigeu, itumiwayo na baadhi ya watafsiri, yataka kuangaliwa, kwani hutaja kitengacho, si kilichotengwa. Ndani ya diski hamna kiambaza chochote. Mna jedwali tu, lioneshalo kila sehemu yaanzia wapi na ina ukubwa gani. Jedwali la mtindo wa MBR, lililoanza mwaka 1983, huruhusu sehemu kuu 4; lile la GPT kwa kawaida huruhusu 128. Hivyo basi, sehemu ya diski ni istilahi sahihi zaidi.

Suala hili si la maneno matupu. Sehemu moja huweza kujaa ilhali jirani yake ni tupu. Tasnifu iliyohifadhiwa katika sehemu ya pili huweza kusalimika mfumo endeshi uwekwapo upya katika ya kwanza. Lakini diski yenyewe ikiharibika, zote huweza kupotea pamoja. Chumba kiunguapo, pazia haliokoi upande wowote. Nakala na iwekwe katika diski nyingine.